Mshushe Mwanangu

Pell Creek, Indiana
6 Oktoba 1986

Kwa Bwana Dombrowski, mwenye gazeti la Mia Bora, Toledo

Bwana,

Hunijui. Mimi ni mama yake Royce Tackett, kijana uliyemweka namba kumi na tisa kati ya wanafunzi mia wanaojua zaidi mpira wa kikapu katika sekondari zote za Marekani. Kocha wake ameibandika karatasi yako kwenye mlango wa jiko la shule, na mimi ndiye mpishi wa shule, kwa hiyo naiona kila nikitoka kumwaga maji.

Naomba umshushe.

Sina hasira nawe. Nataka tu ujue usiyoyajua. Umeandika kwamba ana futi sita na inchi nane. Alipimwa na viatu. Kwenye mlango wangu wa jikoni, ambapo marehemu baba yake alikuwa akimchora alama kila Krismasi, ana sita na sita, na nywele zimo. Mkono wa kushoto hawezi kudunda mpira. Anaogopa viwiko. Asubuhi haamki mpaka nimvue blanketi. Kijana wa namna hiyo si wa kupelekwa mbali, kwenye vyuo vya kumbi kubwa kama viwanda.

Kinachomfaa ni chuo kidogo cha Corley, hapa ng'ambo ya mto, mwendo wa saa moja kwa gari. Kocha wao, Bwana Nesbitt, hajakanyaga kwetu hata siku moja. Ukimteremsha Royce mpaka themanini hivi, nadhani atakuja.

Tafadhali Royce asijue kwamba nimekuandikia.

Arvella Tackett


Toledo, Ohio
14 Oktoba 1986

Mama Royce,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, kisha nikaenda kumsomea muuza nyama wa mtaani kwetu. Akasema huyo mama mgonjwa. Nikamwambia wewe kata nyama, huyo ndiye mama mzima wa kwanza niliyemsikia.

Tangu nianze kupiga chapa gazeti hili jikoni kwangu, akina mama wameniletea keki, akina baba wameniletea soseji, na mmoja alikuja na bata mzinga anayetembea. Wote wana ombi moja: Augie, mpandishe. Padri mmoja wa Cleveland aliniombea rozari nzima kwa ajili ya mpwa wake, na mpwa mwenyewe ukimpa mpira anaushika kama kakabidhiwa mtoto wa jirani. Mshushe sijawahi kuisikia.

Habari za inchi zisikusumbue. Kila kijana wa nchi hii hurefuka inchi mbili mwandishi akitoa kalamu. Mimi huzikata kichwani, kama mtu anavyopunguza uzito wa karatasi akipimiwa nyama.

Labda unajiuliza huyu Augie ni nani. Shule niliiacha darasa la nane, ikanishukuru. Nimepika kwenye meli za chuma za Maziwa Makuu, nimefika Manila, nimefika Napoli, nimeuza mashine za kusafisha mazulia kwa watu wasio na zulia. Binadamu nimewaona. Makocha wakubwa hulisoma gazeti langu kabla ya Biblia, na wengine badala yake. Nikisema kijana ni kumi na tisa, simu ya kwao haipumui. Nikisema tisini, simu inaota vumbi. Na macho haya, mama, hayajakosea. Labda mara mbili, na mara moja kati ya hizo kosa lilikuwa la mke wa kijana.

Mwanao nilimwona kiangazi, kwenye kambi ya mpira Indianapolis. Makocha walikuwa wamejipanga jukwaani na mashati ya rangi za vyuo vyao. Sheria inawakataza kusema na vijana, basi wanakohoa ili waonekane. Royce akadaka mpira katikati ya watu watatu, mgongo kwa kikapu, akageuka taratibu kama mlango uliosukumwa na upepo. Kocha mmoja alisahau kukohoa. Huyo ni kumi na tisa, na atabaki kumi na tisa.

Rafiki yako usiyemtaka,
Augie Dombrowski


Pell Creek
17 Novemba 1986

Bwana Dombrowski,

Nakutumia pudini ya persimoni. Miti yetu imezaa sana mwaka huu na hakuna wa kula. Sijui kama hii ni hongo, maana hongo zako ni za kupanda na yangu ni ya kushuka.

Wiki iliyopita alikuja kocha kutoka Kansas. Akakaa kwenye kiti cha mume wangu Harlan bila kuuliza, akasema Royce atakuwa mfalme huko. Makocha wengine walitaka atie saini ya kujiunga nao mwezi huu. Nimemwomba asubiri mpaka machipuko, naye kanisikia, lakini ramani ya Kansas ameiweka chini ya mto wake. Niliikuta nikitandika.

Kansas ni mwendo wa siku nzima. Mimi gari langu siliamini hata kunifikisha Corley.

Umesema umewaona binadamu. Basi nikwambie. Harlan aliangukiwa na jiwe kwenye machimbo ya chokaa, msimu wa baridi wa pili sasa. Tangu hapo sikuitengeneza redio iliyoharibika, kwa sababu Royce hudunda mpira uani kuanzia akirudi shule mpaka namwita kula, na sauti hiyo imenitosha. Akienda kwa mjomba wake siku mbili, nyumba hii nasikia mpaka saa ya ukutani inavyojikuna.

Njoo umwone nyumbani, si kambini. Mimi hukaa safu ya tatu nyuma ya benchi letu, na koti la Harlan kwenye kiti cha pembeni. Royce akifunga hunitazama. Akikosa pia hunitazama. Sijui kama kwenye gazeti lako hilo ni kosa.

Arvella Tackett


Moteli ya barabarani, karibu na Terre Haute
12 Desemba 1986

Mama Royce,

Pudini imenifuata mpaka huku. Nimeila kitandani kwa kijiko cha plastiki, nikiangalia televisheni yenye chaneli moja ya hali ya hewa. Kesho theluji. Nikaila yote, nikalamba karatasi, nikajitazama kwenye kioo nikasema, Augie, umehongwa.

Watu hudhani kazi hii ni ya shamrashamra. Kweli, ukumbini napokewa kama askofu. Huyu ananiletea popkoni, yule ananiuliza nani atakuwa namba moja. Mechi ikiisha kila mtu anambeba mwanawe anaenda naye nyumbani, mfagizi anazima taa za upande wangu ili nielewe, nami narudi kwenye gari kutafuta mji unaofuata. Ninaye binti Tacoma, Irene. Kadi yake ya Krismasi hufika Machi. Nami humjibu, lakini najikuta nimemwandikia habari za vijana warefu, na yeye hajapata kuupenda mchezo huu. Sikulaumu kwa ile saa yako ya ukutani. Yangu ina kikohozi.

Nitakuja Pell Creek Ijumaa ya katikati ya Januari. Nitambue kwa tumbo. Nitakukuta safu ya tatu, na ukiona nimekaa mbali usiudhike: mwenye mizani hakai mezani na mwenye mbuzi.

Augie


Toledo
19 Januari 1987

Mama Royce,

Nilikuja. Safu ya tatu niliona koti peke yake limekaa kama mtu aliyesahauliwa kituoni. Wewe sikukuona. Kocha wenu akaniambia umeugua. Pole sana. Kunywa mchuzi wa kuku, utie vitunguu saumu mpaka majirani walalamike.

Sasa sikiliza, na usinichukie, ingawa uliniomba mwenyewe.

Mwanao alicheza vibaya. Sisemi vibaya ya kawaida. Alidaka mpira wa kwanza, akafunga, akainua macho pale kwenye koti. Akabaki anatazama. Wenzake walikuwa wameshakimbilia ulinzi, wapinzani wameshafunga, yeye bado kasimama. Baada ya hapo kila alichogusa kiliungua. Aliupeleka mpira kushoto ukampiga goti. Alipigwa kiwiko akaangalia jukwaani kama anayetaka kushtaki. Kipindi cha pili alimwona kila mtu ukumbini isipokuwa wenzake.

Nilikaa nikajikuna kichwa. Kijana aliyegeuka kama mlango kule Indianapolis ni huyu huyu, miguu hii hii. Lakini Kansas hakuna mama safu ya tatu. Kijana asiyeweza kucheza kiti kimoja kikiwa tupu hawezi kuwa kumi na tisa. Ningesema uongo, na uongo mimi huusema kuhusu samaki na wanawake tu, si kwenye gazeti.

Toleo la Februari litamweka themanini na nne. Umeshinda, mama, ila si kwa pudini.

Upone haraka.
Augie


Pell Creek
2 Machi 1987

Bwana Augie,

Gazeti limefika. Kocha wetu hakulibandika.

Ulisema kweli kuhusu simu. Wiki ile ile ilinyamaza. Wa Kansas alikuwa akipiga kila Jumapili tukitoka kanisani. Jumapili ya kwanza Royce alikaa karibu na simu na viatu vya kanisani. Jumapili ya pili aliinua mkono wa simu akausikiliza, akaurudisha, akaniuliza kama nimelipa bili. Nikamwambia nimelipa. Akasema basi labda waya zimeganda huko Kansas. Sasa haulizi. Ramani haipo tena chini ya mto.

Nilidhani nitafurahi zaidi.

Mechi ile naijua yote, hata lile goti. Mtangazaji alisema Royce Tackett anaonekana kama aliyepoteza kitu. Nilikuwa napiga pasi, nikaunguza shuka.

Bwana Nesbitt bado hajaja. Nadhani barabara zikikauka atakuja. Nimepaka rangi kibaraza.

Arvella


Toledo
9 Aprili 1987

Mama Royce,

Hii barua nimeianza mara nyingi, na wewe unajua mimi maneno hayanipigi chenga.

Nilimpigia Nesbitt wa Corley, nimsukume kidogo. Nikamwambia, kijana wa Tackett yuko kando ya mto wako, mwokote. Akacheka kicheko kibaya. Akasema, "Augie, mimi ni mtu wa punda. Ulipoandika kumi na tisa niliona garimoshi linapita, nikavua kofia. Nafasi zangu zote nilishawapa wengine Novemba. Februari ukaandika themanini na nne, nikasema lazima goti limevunjika, maana wewe hukosei."

Nikampigia kocha wa chuo kimoja ng'ambo ya Evansville. Hivyo hivyo. Nikampigia wa Kansas, nikasema nimefikiri upya, huenda ni arobaini. Akasema amekwisha mchukua kijana mwingine, aliyekuwa ishirini na tatu kwenye gazeti langu. Nikamwuliza, amewahi kumwona? Akasema nimwone ya nini, si wewe umemwona?

Hapo nikakaa chini. Wadogo walimwogopa kwa namba yangu ya kwanza, wakubwa wakamkimbia kwa namba yangu ya pili. Nchi nzima hakuna mtu aliyemtazama Royce. Wamenitazama mimi, mzee wa Toledo mwenye popkoni tumboni.

Amebaki mmoja. Kocha wa chuo kidogo, hanunui gazeti langu kwa sababu anadai likimfikia habari zimeshaoza. Alikuwa Indianapolis kiangazi kile, ndiye aliyesahau kukohoa. Nilipomtajia jina hakuuliza namba. Aliuliza kama bado anageuka vile. Nafasi anayo, masomo bure, chakula bure.

Mama Royce, ni Alaska. Fairbanks. Kansas ukiilinganisha na huko ni uani kwako.

Jambo moja halafu nafunga mdomo. Uliniambia redio imeharibika tangu Harlan. Mechi ile uliisikiliza kwa redio gani?

Augie


Pell Creek
24 Mei 1987

Bwana Augie,

Royce amekubali. Alisema ndiyo kabla sijamaliza kumsomea barua ya chuo. Nimetia saini mahali pa mzazi.

Redio niliipeleka kutengenezwa asubuhi ya siku ya mechi. Sikuwa mgonjwa. Nilijua wewe utakuwepo, na nilijua mwanangu akikosa kuniona atakuwaje, kwa hiyo nililitanguliza koti nikabaki nyumbani. Nilitaka ng'ambo ya mto tu. Sikutaka kingine.

Royce anadhani niliugua. Aliniletea supu siku ile, bado na jasho la mechi, akaniomba radhi kwa kucheza vibaya.

Koti la Harlan nimempa. Huko baridi ni kali.

A. Tackett


Toledo
3 Juni 1987

Mama Royce,

Nimesoma. Sikumsomea muuza nyama.

Nina maneno mengi ya kukuchekesha, yote nimeyajaribu, yote hayakukaa. Basi nikwambie hili tu: wewe ulikaa nyumbani jioni moja, mimi nilipima mtu kwa jioni hiyo hiyo moja, nikaipigia chapa nakala mia nne. Tugawane mzigo. Mgongo wangu mpana.

Persimoni zikiiva, nitakula zile zisizo na wa kuzila.

Augie


Pell Creek
30 Novemba 1987

Bwana Augie,

Pudini iko kwenye kopo la bluu. Kopo usilirudishe.

Redio yangu haifiki Alaska. Nimejaribu kuzungusha mpaka mwisho, nikapata mahubiri na mtu anayeuza mbolea. Royce huandika, lakini anaandika kama wanaume wanavyoandika. Amekula, amelala, theluji. Uani mpira upo, nimeujaza upepo. Jana niliudunda kidogo nikapika. Haukutoa sauti ile.

Sitaki kujua namba yake. Natamani kujua jambo moja tu: siku hizi akifunga, anatazama wapi?

Arvella


Fairbanks, Alaska
15 Januari 1988

Mama Royce,

Usianguke ukiona stempu. Manila nimefika, Napoli nimefika, nikaona aibu kufa kabla ya Fairbanks. Masharubu yangu yameganda. Nikicheka yanalia kama vigae.

Ukumbi wao mdogo, watu wachache, wengi wamekuja kuota joto. Nilikaa safu ya tatu nyuma ya benchi, koti langu nikaliweka kiti cha pembeni. Mwanao yuko sawa. Kanenepa shingo. Kocha wake mtu mzuri, anamfokea kama baba. Chakula kipo, nimekikagua mwenyewe, mara mbili.

Na lile swali lako. Macho haya yanajua kutazama, kwa hiyo tulia. Kila alipofunga, mama, aliinua uso. Kila alipofunga. Alitazama juu, safu ya tatu, kwa kitambo kidogo tu, kisha akarudi kucheza. Mtu asiyejua angedhani anaangalia saa ya ukutani.

Nimeona niliyotaka kuona. Narudi Toledo.

Augie


Fairbanks
16 Januari 1988

Mama,

Hujambo? Mimi sijambo. Tumeshinda jana. Nimefunga sana kuliko mtu yeyote, na kocha amesema sijawahi kucheza hivi.

Alikuja mzee mmoja mnene kutoka Toledo, ndiye yule wa Mia Bora. Sikujua kwamba huwa anafuatilia watu wa chuo. Nilidhani atanichukia kwa ile mechi mbaya, kumbe alinipa soseji akaniuliza kama nashiba. Alikaa peke yake jukwaani anapiga kelele, "Kushoto, Tackett, kushoto." Nikaenda kushoto. Mama, mkono wa kushoto sasa unafanya kazi.

Kuna kitu kocha amenifundisha. Ukifunga, tazama sakafu, rudi ulinzi. Mwanzoni ilikuwa ngumu, kama kukatazwa kusema shikamoo. Sasa nimezoea. Sitazami tena jukwaani kabisa, na hapo ndipo mchezo ulipokuja. Nilitaka ujue, ufurahi. Najua ulikuwa ukichoka kuja kila mechi kwa ajili yangu.

Koti la baba linanitosha mabegani.

Royce


Pell Creek
25 Januari 1988

Bwana Augie,

Barua yako na ya Royce zimefika siku moja. Mtu wa posta alizifunga kwa uzi mmoja.

Royce anasema hatazami tena. Wewe unasema kila akifunga anainua uso. Nimezisoma zote mbili, nikaiweka yake jikoni, karibu na mlango wenye alama, nikachukua yako.

Mwaka juzi uliniandikia kwamba macho yako hayakosei.

Nimeamua kukuamini wewe.

Arvella